Binti kapata S5: HEG shule kubwa Kampala au PCB hapa Arua? Naomba ushauri kabla ya Jumatatu

MamaWaVitenge_Arua

Habari zenu wote humu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Arua, nauza vitenge sokoni. Binti yangu wa kwanza amemaliza S4, yaani kidato cha nne, na matokeo yametoka. Namshukuru Mungu, amenitoa kimasomaso: Biolojia A, Kiingereza A, Historia A, Kemia B, Jiografia B, Hisabati C, Fizikia C. Yeye ni wa mtaala mpya, ule usio na divisheni, herufi tu.

Tangu yuko S2 anasema atakuwa nesi au mkunga, na mimi naamini hayo si maneno ya kitoto. Mama yangu alipolazwa miezi miwili, huyu binti ndiye aliyekuwa akikesha naye wodini. Akirudi nyumbani ananieleza presha ya bibi ilikuwa ngapi asubuhi na ngapi jioni, na dawa ipi haitakiwi kunywewa na ipi. Manesi wenyewe walikuwa wakimwita jina.

Sasa tumefika njia panda. Shule moja kubwa upande wa Kampala imempa nafasi, lakini ya HEG, yaani Historia, Uchumi na Jiografia. Wanasema C ya Fizikia haimpeleki sayansi kwao. Shule ya pili iko hapa mjini, ya kutwa, inampa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, pamoja na Sub-Maths, ile Hisabati ndogo. Maabara yake nimeiona kwa macho yangu. Ni chumba kimoja, wa O-level (S1 hadi S4) na wa A-level (S5 na S6) wanapokezana. Ada ya Kampala ni karibu mara tatu ya hii ya hapa.

Kaka yangu anasema aache hayo yote achukue PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, awe injinia, mafuta ya Bunyoro yanakuja. Shemeji anasema jina la shule ndilo linalompeleka mtu Makerere, kombinesheni ni herufi tu. Baba yake ni dereva wa lori, yuko njia ya Juba, amenipigia mara moja akasema niamue mimi. Mimi niliishia P7, darasa la saba. Jumatatu shule zote mbili zinataka pesa.

Naomba mnieleze kwa lugha ninayoielewa: chuo kikuu kikipokea karatasi ya huyu mtoto, kinaangalia nini hasa?

---

Busia_Mpakani

Hongera sana mama! A tatu si mchezo. Nafuatilia uzi huu, na mimi nina kijana yuko S3.

---

Shemeji_wa_Ntinda

Mama, usikatae nafasi ya Kampala. Shule kubwa zina walimu wa kutosha, zina maabara, zina mitihani ya majaribio kila mwezi. Watoto wanaoingia vyuo kwa udhamini wa serikali wengi wanatoka huko. Akifika huko anaweza kuomba kubadilisha kombinesheni baadaye.

---

Mwalimu_Kemia_Soroti

Mama, pole na hongera kwa pamoja. Nafundisha Kemia A-level kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na swali lako la mwisho ndilo wazazi wengi huniuliza wakati mtoto ameshamaliza S6, wakati hakuna tena la kufanya. Wewe umeliuliza mapema. Kaa, nikueleze taratibu.

A-level mtoto anafanya masomo makuu matatu, pamoja na General Paper (GP), pamoja na somo dogo moja: Sub-Maths au Sub-ICT. Anayechukua Hisabati kama somo kuu huchukua Sub-ICT. Wa PCB huchukua Sub-Maths. Katika masomo makuu, A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2, na O ni 1. Tena O haihesabiki kama ufaulu wa somo kuu. GP na somo dogo kila moja ni pointi 1 akifaulu. Kwa hiyo mtoto aliyepata kila kitu ana pointi 20, na ndiyo maana utasikia watu redioni wakisema fulani kapiga 20.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapoishia. Chuo cha serikali hakiishii hapo. Chuo hakikusanyi pointi tu, kinazipima kwa uzito. Kila kozi ina orodha yake ya masomo. Kuna masomo mawili ya lazima kwa kozi hiyo, na pointi zake zinazidishwa kwa 3. Kuna somo la tatu linalohusiana na kozi, linazidishwa kwa 2. GP na somo dogo zinabaki kwa 1. Na somo kuu ambalo halimo katika orodha yoyote ya kozi ile linahesabiwa nusu tu. Kwenye matangazo ya vyuo yameandikwa kwa Kiingereza essential, relevant na desirable. Mwambie binti ayatafute maneno hayo matatu.

Chukua wanafunzi watatu wa PCB, wote wamepata pointi 16, wote wanaomba kozi ambayo Biolojia na Kemia ni za lazima na Fizikia inahusiana.

Wa kwanza ana Biolojia A, Kemia A, Fizikia E. Biolojia 18, Kemia 18, Fizikia 4, GP na Sub-Maths 2. Jumla 42.

Wa pili ana B, B, na Fizikia C. 15 na 15 na 8 na 2. Jumla 40.

Wa tatu ana Biolojia C, Kemia C, Fizikia A. 12, 12, 12, na 2. Jumla 38.

Nyumbani kwao wote watatu wamechinjiwa kuku wa aina moja, maana ripoti inasema 16. Lakini chuoni wameachana kwa pointi nne, na huko watu hukosa nafasi kwa sehemu ya kumi ya pointi. Msichana anaongezewa 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. O-level nayo huchangia kidogo. Katika mfumo wa zamani wa D1 (bora kabisa) hadi F9 (kuanguka), daraja la distinction, yaani D1 na D2, lilileta 0.3 tu kwa kila somo, kwa hiyo hata mtoto wa distinction tupu katika masomo kumi alipata pointi 3. Mzigo wote uko A-level, na katika A-level uko kwenye masomo yale mawili.

Sasa mama, turudi kwa binti yako. Uuguzi na udaktari vinadai Biolojia na Kemia. Akienda HEG, hata akipiga 20 yenye A tatu, ile fomu ya uuguzi haijazwi. Hana masomo ya kupimia.

---

MamaWaVitenge_Arua

Mwalimu, nimesoma mara tatu, mara ya tatu nimemwita yeye anisomee kwa sauti. Kwa hiyo hata asome shule ya dhahabu, akiwa HEG unesi umefungwa?

---

Mwalimu_Kemia_Soroti

Kwa njia ya moja kwa moja kutoka S6 kwenda digrii, ndiyo mama, umefungwa. PCM ya mjomba nayo inaufunga, kwa sababu haina Biolojia. Na uhandisi nao unadai Hisabati na Fizikia, kwa hiyo PCB inaufunga uhandisi. Sub-Maths haiwi Hisabati. Nimeona kijana akilia ofisini kwangu kwa kosa hilo.

---

Wakili_Mtarajiwa

Nyongeza kidogo kwa alichosema Mwalimu, maana kuna jambo watu hawalioni. Milango hii haifunguki sawa pande zote mbili.

Mimi nasoma sheria. Nilipokuwa S4 kila mtu aliniambia bila Historia na Fasihi siwezi kuwa wakili, nikachukua HEL, yaani Historia, Uchumi na Fasihi. Nilipofika kwenye mtihani wa kuingilia sheria pale Makerere, nilikaa na wenzangu waliotoka PCM na PCB. Sheria inapima masomo mawili uliyofanya vizuri zaidi, yoyote yale, na huo mtihani wa kuingilia. Kwa hiyo wa PCB anaweza kugeuka akawa wakili, lakini wa HEG hawezi kugeuka akawa nesi. Kwa mtoto ambaye ana A ya Biolojia na bado ni mdogo, hilo lina maana kubwa.

---

Shemeji_wa_Ntinda

Basi kwa hesabu hiyo kila mtoto aende sayansi? Mbona sayansi ndiko wanakoanguka wengi?

---

Fundi_Mchoraji_Mbale

Ndugu Shemeji, swali lako nalijibu kwa maisha yangu.

O-level nilikuwa na D1 ya Historia na D2 ya Sanaa. Nilichora tangu mdogo, ukutani, mchangani, kwenye madaftari ya wenzangu. Baba alikuwa amesikia kwamba serikali inatoa sehemu kubwa ya udhamini kwa kozi za sayansi, robo tatu, na ni kweli ilikuwa hivyo. Akasema mwanangu atafanya PCM. Shule ilikubali kwa sababu Fizikia nilikuwa na C5, na wao walihitaji kujaza darasa la sayansi. Hakuna aliyenikalisha chini kuniuliza.

Muhula wa kwanza wa S5 nilijua. Mwalimu akiandika ubaoni, wenzangu wanatikisa kichwa, mimi nanakili. Kubadilisha kombinesheni kuliruhusiwa wiki za mwanzo tu, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia baba. Nilimaliza na Kemia E, Fizikia E, Hisabati O. Masomo makuu mawili, ndiyo, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa nimefikia kiwango cha chini cha chuo kikuu. Lakini hesabu uzito wake mwenyewe kwa uhandisi: Fizikia 6, Hisabati 3. Hakuna mlango unaofunguka kwa namba hizo.

Nilikwenda diploma ya ujenzi, nikafanya kazi kwenye maeneo ya ujenzi, kisha nikaingia digrii kwa njia ya wenye diploma. Leo nachora majengo na napenda kazi yangu sana. Nilifika nilikotaka, ila kwa miaka minne zaidi na kwa pesa ambazo baba alikuwa amewawekea wadogo zangu. Hilo la wadogo zangu ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwa hiyo si kila mtoto aende sayansi. Binti wa Mama ana A ya Biolojia na B ya Kemia. Yale mawili ya uzito wa tatu ndiyo anayoyaweza. Mimi nilikuwa na C5 katika yale mawili, D1 na D2 zangu zilikuwa kwingine.

---

Binti_wa_Gulu

Fundi, pole. Nimesoma mara mbili.

---

Baba_Samaki_Jinja

Kwangu swali ni Fizikia. C ya O-level inaweza kugeuka F huko A-level. Fizikia ya A-level ina pepa ya vitendo, na mama mwenyewe kasema maabara ni chumba kimoja. Hamuoni ni hatari?

---

Mwalimu_Kemia_Soroti

Mzee wa Jinja, umegusa penyewe. Sitaki kumpamba mama kwa maneno matamu.

Mtoto wa C ya Fizikia ataumia S5. Ile C ya mtaala mpya imechanganya mtihani wa mwisho, asilimia 80, na kazi za darasani na miradi, asilimia 20. A-level haimngojei mtu. Lakini angalia hesabu. Fizikia kwa kozi anayoitaka inazidishwa kwa 2 tu. Akipata Biolojia A, Kemia B na Fizikia D, ana 18, 15, 6 na 2, jumla 41. Kabla ya 1.5 ya msichana. Akipata Fizikia E, jumla ni 39. Fizikia inampunguzia, lakini haimwangushi, mradi tu asiifanye ikamla muda wa Biolojia na Kemia. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mtoto anaona somo fulani linamshinda, anakaa nalo usiku kucha mwaka mzima, na yale mawili ya uzito wa tatu yanashuka kutoka A hadi C. Huyo ndiye yule wa tatu wa 38 niliyemtaja.

Kuna pia BCA, yaani Biolojia, Kemia na Kilimo, kwa shule zinazoitoa. Kwa kozi za kilimo na mifugo ni njia nzuri sana, na naiheshimu kuliko wazazi wengi wanavyoiheshimu. Lakini kwa kozi za afya lazima kwanza asome orodha ya chuo husika kuona kama Kilimo kimo katika yale ya uzito wa 2. Kama hakimo, A ya Kilimo yenye pointi 6 inageuka 3 badala ya 12. Pointi tisa zinapotea kwa kutosoma mstari mmoja.

Mama, shule ya hapo ikupe majibu ya maswali matatu kabla hujalipa. Walimu wa Biolojia, Kemia na Fizikia wa A-level ni wangapi, na wako shuleni siku ngapi kwa wiki? Maana baadhi yetu tunafundisha shule mbili, tatu. La pili, vitendo vya maabara vinaanza S5 au vinasubiri muhula wa mwisho wa S6? Lazima vianze S5. La tatu, mwaka jana wa PCB walikuwa wangapi na walipata nini katika Biolojia na Kemia? Usikubali wakuonyeshe yule mmoja aliyefaulu sana. Omba karatasi ya darasa zima.

Kuhusu maabara ya kupokezana, mimi mwenyewe nafundisha katika chumba cha aina hiyo. Kinatosha kama ratiba inaheshimiwa.

---

Nubi_wa_Bombo

Asalaam aleikum. Mimi nafundisha Historia na Kiswahili, naomba niseme neno kwa ajili ya wasomaji wengine, si kwa binti wa Mama peke yake.

Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika shule ya serikali analipwa milioni nne kwa mwezi, na sisi wa sanaa tulibaki tulipokuwa. Tuligoma mwaka huo huo. Tangu hapo nimeona wazazi wakiwakimbiza watoto sayansi kwa sababu ya ule mshahara. Nawaelewa, maisha ni magumu. Lakini mtoto mwenye A ya Historia na Fasihi na E ya Kemia mkimpeleka PCB kwa sababu ya mshahara wa watu wengine, ataishia kama alivyosimulia Fundi.

Na Kiswahili msikisahau. Mtaala mpya uliokuja 2020 umekiweka kuwa cha lazima S1 na S2, na baraza la mawaziri mwaka 2022 liliamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Walimu wako wapi? Hawatoshi kabisa. Kijana anayekipenda Kiswahili akichukue A-level pamoja na Historia au Fasihi, aende ualimu au tafsiri. Sisi tulikulia katika lugha hii, hapa Bombo, na huko Arua vilevile, lakini shuleni tunaiona kama ya sokoni na ya kambini. Inaniuma.

---

MamaWaVitenge_Arua

Mwalimu wa Bombo, Wa aleikum salaam. Binti yangu wa pili ndiye wa Kiswahili, anaandika mashairi. Nitakutafuta akifika S4.

---

Bukoba_Jirani

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku kwetu tunaita tahasusi, na PCB, PCM ni zile zile, isipokuwa HEG yenu sisi tunaipanga HGE. Vita vya mjomba na mama juu ya PCM navyo ni vile vile. Mama, msikilize mwanao.

---

Dada_Nesi_Lira

Mama, mimi ni nesi, kazi yangu ya miaka tisa. Naomba uyasikie haya kutoka kwangu.

Kwanza, digrii ya uuguzi haiko Makerere peke yake. Ipo Mbarara, ipo Busitema kule Mbale, ipo Muni hapo hapo Arua kwenu, na sisi huku Lira chuo kikuu kina digrii ya ukunga. Watu wakisema chuo wanafikiria Makerere tu, wanaomba kozi ile ile wote, uzito unaohitajika unapanda, wanakosa, wanarudi nyumbani na 40 yao nzuri kabisa iliyokuwa inatosha mahali pengine. Serikali inadhamini wanafunzi kama 4,000 kwa mwaka katika vyuo vyake vyote. Nafasi 3,000 zinashindaniwa taifa zima, 896 zinagawanywa kwa wilaya, na zilizobaki ni za wanamichezo na wenye ulemavu. Hizo za wilaya msizidharau. Na mkopo wa wanafunzi ulioanzishwa kwa sheria ya 2014 ni hasa kwa wa kozi za sayansi. Unalipa ada ya chuo. Chakula na kulala ni juu yenu, kwa hiyo Muni, akilala nyumbani kwako, ni akiba kubwa sana mama.

Pili, mimi sikupita A-level. Niliingia cheti baada ya S4, nikafanya kazi, nikarudi diploma. Njia ipo na ni ya heshima, msiruhusu mtu awaambie ni ya walioshindwa. Lakini nasema ukweli wa moyoni: kila nilipotaka kupanda ngazi nilirudi darasani miaka miwili, mitatu, nikiwa na watoto. Mwenye A ya Biolojia na mama anayeweza kulipa S5, apite A-level.

La tatu. Huyo mtoto aliyekesha wodini akahesabu presha ya bibi yake, mnamuuliza nini tena?

---

Shemeji_wa_Ntinda

Nimewasoma wote, na hesabu ya Mwalimu sikuijua. Nilikuwa nafikiri pointi ni pointi. Bado naamini shule nzuri ni muhimu, ila naona sasa kwamba shule nzuri yenye masomo yasiyo ya kozi yake haimsaidii. Na lile nililosema la kubadilisha baadaye, nimempigia rafiki anayefundisha shule ya aina hiyo. Kaniambia wanaobadilisha hushuka kutoka sayansi kwenda sanaa, kupanda kutoka HEG kwenda PCB ni nadra mno. Naliondoa neno langu.

---

Mwalimu_Kemia_Soroti

Asante ndugu kwa kulifuatilia.

---

MamaWaVitenge_Arua

Nimerudi. Leo Ijumaa nilifunga duka asubuhi, nikaenda shuleni hapa na binti. Nilikuwa nimeandika maswali yale matatu kwenye karatasi ya kufungia vitenge.

Walimu: Biolojia wawili, Kemia wawili, wote wa hapo hapo. Fizikia mmoja, anakuja siku tatu, siku nyingine yuko shule nyingine. Vitendo wanaanza S5 muhula wa pili. Niliomba muhula wa kwanza, mkuu wa masomo akasema atalizungumza na walimu wake, sikupata ahadi. Karatasi ya darasa zima hakutaka kunipa mwanzoni. Binti yangu ndiye aliyemwambia kwa adabu, "Mwalimu, mama anataka kujua wa katikati walipata nini." Akaileta. Wa PCB walikuwa 17. Biolojia wengi wana B na C, A ni mbili. Kemia C na D nyingi. Fizikia sitaki kuisema.

Nilimuuliza mbele ya yule mkuu: umeona hiyo Fizikia, bado unataka? Akaniambia, "Mama, Fizikia ni mara mbili. Biolojia na Kemia ni mara tatu. Nitazishika hizo, na Fizikia nitaitafutia mtu."

Jioni nilimpigia kaka yangu. Alikasirika kidogo, akataja tena mafuta. Nikampa simu binti amweleze mwenyewe. Sikusikia alichojibiwa, ila mwishoni kaka alisema atamnunulia kikokotoo.

Baba yake nilimpata usiku akiwa Nimule. Nikamwambia PCB, hapa hapa. Akasema sawa, na kwamba kile kilichokuwa cha ada ya Kampala tukiweke kwa ajili ya chuo.

Kesho nalipa. Sasa kilichobaki ni huyo mtu wa Fizikia. Hapa Arua namjua nani mimi? Kama kuna aliye karibu, awe mwalimu au mwanafunzi wa chuo, naomba aniambie anatoza kiasi gani kwa wiki.

---

Kijana_wa_Muni

Shikamoo mama. Mimi niko Muni, mwaka wa pili, nasomea ualimu wa Fizikia na Hisabati. Nimekuwa nikisoma uzi huu kimya. Jumamosi nina wanafunzi wanne wa S5 na S6, tunakutana shuleni kwao saa tatu hadi saa sita, mlinzi na mwalimu wa zamu wakiwepo. Kila mzazi anatoa shilingi elfu tano kwa siku, na asiyekuwa nayo wiki hiyo haondolewi. Wiki ijayo tunaanza mekanika kutoka mwanzo kabisa. Njoo naye wewe mwenyewe siku ya kwanza uone tunavyofanya, na aje na daftari lake la S4 na kile kikokotoo cha mjomba. Nakutumia ujumbe wa ndani kukuelekeza shule.

---

MamaWaVitenge_Arua

Marahaba mwanangu. Jumamosi ya wiki ijayo saa tatu tutakuwepo.